Mbiu ya Mgambo na Daftari la Kijiji



Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kabla neno hilo halijawa jina la jeshi la akiba tunalolijua leo, mgambo ulikuwa tangazo la watu wote. Pembe ilipopulizwa kila mmoja aliweka jembe chini akaenda kusikiliza, kwa kuwa jambo lililotangazwa lilikuwa lake. Juma hili tumeona vema tuitazame historia ya jambo hilo katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe. Ni nani aliyekabidhiwa kuwalinda watu? Na ni nani aliyekuwa na haki ya kumwuliza amelindaje?

Lililotusukuma kuandika ni maziko. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kumzika kijana mmoja katika kitongoji ambacho hatutakitaja. Siku mbili kabla ya hapo yowe lilipigwa usiku, watu wakatoka na fimbo na mawe, na kabla ya mapambazuko kijana yule alikuwa maiti. Ilisemwa kwamba aliiba. Tulipouliza aliiba nini, wengine walisema mbuzi, wengine wakasema pikipiki. Hata siku ya kuanua matanga, mwenye mali iliyodaiwa kuibwa alikuwa hajajitokeza. Tulimwuliza mzee mmoja kama serikali ya kijiji imekwisha kukaa na kulizungumza jambo lile. Akatujibu kwa sauti ya chini: “Baba, mkutano haujaitishwa tangu mwaka jana, na daftari la matukio hatujui liko kwa nani.”

Jibu lile halijatutoka. Wengi walidhani kifo kile kilisababishwa na wingi wa wezi au uchache wa polisi. Sisi tulirudi nyumbani tukiwaza mkutano usioitishwa na daftari lisilojulikana liliko. Kadiri tulivyosoma habari za nchi yetu hii, ndivyo tulivyozidi kuona kwamba wazo lile lina mizizi mirefu.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani na nyika za Uzigua zilikuwa njia za misafara. Bunduki na baruti zilipanda kutoka pwani; pembe za ndovu na watumwa wakateremka. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba nchi ya Wazigua, na watu wengi waliwekwa rehani au walijitoa wenyewe kwa wafanyabiashara ili wapate chakula. Walipakiwa majahazini wakapelekwa hadi pwani ya Somalia. Wazao wao katika bonde la mto Juba waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia nchi ya mababu zao. Walipokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, huko huko Handeni, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Anayetaka kujua gharama ya nchi isiyo na mlinzi anaweza kwenda Chogo akawasikiliza wazee, nao watamsimulia kwa Kizigua.

Upande wa Korogwe mambo hayakuwa mepesi zaidi. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862. Baada yake warithi waligombana. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, chini ya milima na kando ya njia ya misafara, alipata nguvu kwa bunduki alizozinunua kwa biashara, ikiwemo biashara ya watu. Raia wa kawaida walitekwa na kuuzwa na wakubwa wale wale ambao kwa desturi waliwapa kodi ili wawalinde. Watu wakajibu kwa kujenga maboma. Vijiji vilizungushiwa miti na miiba, na mnyonge akaenda kuishi chini ya mkubwa mwenye bunduki. Ulinzi ulikuwepo, ila ulinunuliwa kwa utii. Aliyelindwa hakuwa na pa kumshitakia mlinzi wake; silaha yake pekee ilikuwa kuhama usiku.

Wajerumani waliishika pwani baada ya vita vya mwaka 1888 hadi 1890. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na mwaka uliofuata Bwana Heri wa Saadani, ambaye Wazigua wengi walipigana upande wake, akasalimu amri. Ndipo ulipokuja utawala wa maakida. Akida, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa pwani ajuaye kusoma na kuandika, aliwekwa juu ya majumbe wa vijiji vingi. Yeye ndiye aliyekusanya kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898. Yeye ndiye aliyetafuta vibarua, akasikiliza mashauri, na akawa na askari wa kutekeleza hukumu. Viboko 25 vya enzi ile vilibaki katika kumbukumbu za wazee kwa jina la hamsa ishirini. Mtu mmoja alikuwa mkusanya kodi, hakimu na polisi. Aliyeonewa na akida angekwenda kulalamika kwa nani, ikiwa mlango wa Bwana Mkubwa ulipitiwa kwa akida huyo huyo?

Mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, na kandokando yake yakaenea mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Ngombezi, Magunga, Hale na Mazinde ni majina ambayo kila mzee wa Korogwe anayajua kwa harufu ya singa. Mashamba yalitaka mikono mingi, na katika miaka iliyofuata walikuja watu kutoka kila upande wa Tanganyika na hata nje yake. Waliitwa manamba, kwa sababu katika vitabu vya shamba mtu alijulikana kwa namba yake. Makambini nako kulikuwa na walinzi, lakini kwanza walilinda mkonge, mashine na fedha za mshahara. Manamba aliyepigwa au kuibiwa na mwenzake alijitegemea mwenyewe na ndugu wa kabila lake.

Waingereza walipoanzisha rasmi Jeshi la Polisi la Tanganyika tarehe 25 Agosti 1919, makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto, juu ya milima hiyo tunayoiona tukiwa Mombo. Hata hivyo askari walikuwa wachache, nao waliangalia zaidi miji, reli na mashamba makubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa sababu hiyo, Gavana Donald Cameron alipoleta sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, amani ya vijijini ilikabidhiwa machifu na majumbe. Lilikuwa jambo jema kwamba shauri liliamuliwa na mtu anayeijua lugha na mila za wenye shauri. Lakini jumbe aliandika taarifa zake kwa Bwana Shauri wa wilaya, na Bwana Shauri ndiye aliyeweza kumwondoa. Watu wake walisikia amri, taarifa hawakusomewa. Tulishike neno hili, maana litaturudia.

Baada ya Uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Katika miaka iyo hiyo TANU ilianza kuwapanga wananchi kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Msomaji wa Maandiko hapa atamkumbuka Yethro, mkwe wa Musa. Alimwona Musa akichoka kwa kuamua peke yake mashauri ya taifa zima, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mara nyingi tunayakumbuka makumi tukayasahau masharti aliyoyaweka kwa watu wale: wawe wacha Mungu, wakweli, wanaochukia rushwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa msaada mkubwa. Aliwajua wageni waliolala kwa jirani, aliwapatanisha mke na mume kabla ya kisu kutoka alani, alijua nani amerudi na mali isiyoeleweka. Udhaifu wake ulikuwa kwamba alikuwa mtu wa chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, isingewezekana tena raia wote kuwajibika kwa kiongozi wa chama kimoja, na nafasi ya kiserikali ikashikwa na mwenyekiti wa kitongoji vijijini na mwenyekiti wa mtaa mijini. Ndugu zetu wa Kenya walilichukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, Nairobi. Nao wakakutana na swali letu la zamani: huyu wa kumi anajibu kwa nani?

Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na Operesheni Vijiji ikaendelea hadi mwaka 1976. Handeni, iliyokuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kuhimizwa kuanzisha vijiji vya ujamaa, iliona watu waliozoea kukaa mbalimbali wakikusanywa mahali pamoja, majirani wasiojuana. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikipa kila kijiji halmashauri yake, na miongoni mwa kamati zake iliweka ya ulinzi na usalama. Mwaka huo huo mgambo alipewa kisheria uwezo wa kukamata. Kwa hiyo kijiji kilipata kamati na askari wake, lakini ngazi ya wilaya, ambako wawakilishi waliochaguliwa wangeweza kuuliza maswali, ilikuwa tupu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa.

Yaliyotokea mbali na kwetu katika miaka hiyo yanatupasa kuyajua. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa katika msako wa wauaji wa waliotuhumiwa uchawi. Waliteswa na maofisa wa usalama na wa polisi, na baadhi yao walifia kizuizini. Habari zilipojulikana, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, ingawa si yeye aliyewatesa. Baadaye baadhi ya maofisa walihukumiwa mahakamani. Wananchi hawakumsahau kwa ubaya. Mwaka 1985 akawa Rais. Twaona hapa kiongozi aliyekubali kwamba kusimamia ulinzi ni kubeba pia aibu ya ulinzi ulioharibika.

Miaka michache baadaye, mwaka 1981 na 1982, katika sehemu za Kahama na Nzega walizuka sungusungu. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi, silaha zilikuwa zimeenea baada ya vita vya Kagera, na watu walikuwa wamekata tamaa ya kuwaona waliokamatwa leo wakirudi kesho. Wakachukua pinde na mishale, wakachagua viongozi wao, na wizi ukapungua. Serikali iliwasifu, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Jina lao likasambaa, hata doria za usiku za mitaani katika maeneo mengi ya nchi zikaitwa sungusungu. Lakini huko huko walikoanzia kulisikika pia vilio vya faini zisizo na risiti, vya wazee waliofukuzwa vijijini kwa tuhuma za uchawi, na vya watuhumiwa waliouawa bila kusikilizwa. Ni hadithi ya boma tena. Watu waliokimbia hofu ya mwizi walijikuta na hofu ya mlinzi.

Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka 1984, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Tunawaomba wasomaji wetu waijue sheria hiyo, maana ni mali yao. Katika kifungu cha 111, kazi ya kwanza ya mamlaka ya wilaya ni kudumisha amani, utulivu na utawala bora katika eneo lake. Katika kijiji, mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na kamati ya ulinzi na usalama ni mojawapo ya kamati zake za kudumu. Mwaka 1985 yakaongezwa mabaraza ya kata ili ugomvi mdogo usuluhishwe kabla haujaota meno. Na tangu mwaka 2006, wakati Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali, Jeshi la Polisi limehimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, likikiri kwamba peke yake haliwezi.

Lakini tupande ngazi moja juu ya kijiji, tutaona jambo la kushangaza. Kamati za kudumu ambazo sheria inazitaja kwa halmashauri ya wilaya ni za fedha, utawala na mipango. Elimu, afya na maji. Na uchumi, ujenzi na mazingira. Ya ulinzi na usalama haimo. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, ambaye huteuliwa na Rais, na polisi wa wilaya hupokea amri zao kutoka mkoani na makao makuu. Diwani aliyepigiwa kura na watu wa kata yake ana wajibu wa amani kwa mujibu wa sheria, ilhali meza inayozungumza amani si yake. Hapo ndipo neno tulilolishika kwa jumbe wa mwaka 1926 linapoturudia: taarifa hupanda juu, na waliotoa habari hawasomewi.

Hatusemi kwamba diwani aamuru polisi. Upelelezi una siri zake, na mwanasiasa mwenye askari mkononi ni akida mwingine. Lakini mwelekeo wa uhalifu si siri. Nyumba ngapi zimevunjwa katika kata msimu huu, na je, ni zaidi ya msimu uliopita? Malalamiko mangapi yamefika kituoni, na mangapi yamefika mahakamani? Wangapi wameuawa na makundi ya watu, na ni kesi ngapi zimefunguliwa? Maswali haya yanaweza kuulizwa katika baraza la madiwani kila robo mwaka bila kuharibu upelelezi wowote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo na roho za watu zinavyopotea pale zisipoandikwa.

Ukimya huo una bei, na tumekwisha kuiona. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa katika mkoa jirani wa Morogoro, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Watafiti waliolichunguza jambo lile walieleza kwamba pande zote mbili zilikuwa zimepoteza imani na viongozi, zikiamini kwamba haki inauzwa. Mtu asiyeamini kwamba atasikilizwa hufika mahali akaamua mwenyewe. Sisi nasi tunaishi wakulima na wafugaji pamoja. Waparakuyo wamechunga katika nyika za Handeni tangu enzi za misafara, na tangu mwezi Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia kutoka Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, ambako wenyeji nao wametoa malalamiko yao juu ya ardhi. Segera na Mkata wageni hushuka usiku na mchana, na vijana wetu wa bodaboda hubeba abiria wasiowajua. Haya yote si uhalifu. Ni maisha. Lakini yanadai mahali pa kusemea, kabla fimbo hazijasema.

Wapendwa, historia hii ndefu inatufundisha neno moja. Tangu boma la Mzigua hadi akida, tangu jumbe hadi sungusungu, nchi yetu haikuwahi kukosa walinzi. Kilichokosekana mara kwa mara ni siku ambayo mlinzi anasimama mbele ya wale anaowalinda na kutoa hesabu. Siku hiyo sasa imewekwa na sheria, nayo ni mkutano mkuu wa kijiji. Basi twaomba mambo matatu tu. Kwanza, mkutano usipoitishwa, tuudai kwa heshima na kwa maandishi. Pili, tuulize daftari la matukio liko wapi, na lisomwe, likitaja idadi bila kumhukumu mtu kwa jina. Tatu, yowe likilia, anayewahi kufika awe wa kwanza kusema: mpelekeni akiwa hai.

Hili la mwisho ndilo gumu, nasi twalijua. Jumuiya zetu ndogo ndogo huwa na nyumba zisizopungua kumi. Katika kila moja wamo watu waliotoka usiku ule na fimbo, na wamo waliobaki ndani wakisikia. Mama wa kijana yule bado anaishi kitongojini pale. Hajawahi kutuuliza ni nani aliyemwua mwanawe. Alituuliza mara moja tu kama jina lake limeandikwa mahali. Tulimjibu kwamba limo katika kitabu cha marehemu cha parokia. Akatikisa kichwa, akasema, “Huko najua, Baba. Nauliza kijijini.”

Hatukuwa na jibu siku ile. Tunatamani kuwa nalo.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.